Bima na Kuondoa Vipandikizi vya Matiti Marekani: Mwongozo Kamili wa Ombi, Ushahidi na Rufaa

Ombi la kuondoa vipandikizi vya matiti likifika kwenye kampuni ya bima Marekani, kwa kawaida hupitia kwanza mikononi mwa muuguzi mkaguzi mwenye vigezo vya kampuni mbele yake. Kazi yake ni kulinganisha: kigezo hiki, karatasi yake iko wapi? Hajawahi kukuona, wala hataligusa titi lako ajue limekuwa gumu kiasi gani. Anachokijua ni kilichomo kwenye faili. Ndiyo maana wanawake wawili wenye tatizo moja na bima moja, mmoja anaweza kupewa kibali na mwenzake akaandikiwa kwamba huo ni urembo.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ombi halijatumwa. Rufaa ipo na husaidia, lakini rufaa yenye nguvu ni ile inayoonyesha kidole kwenye karatasi zilizokuwepo tangu mwanzo.

Yote yanayofuata yanahusu bima za Marekani: za kazini, za kujinunulia na Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee. Yanamfaa pia msomaji aliyewekewa vipandikizi Nairobi, Dubai au Istanbul kisha matatizo yakamkuta akiwa Marekani na kadi ya bima ya mwajiri.

Viliwekwa kwa sababu gani?

Hapa njia hugawanyika mapema kabisa. Kama titi liliondolewa kisha likaundwa upya kwa kipandikizi, unalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1998, Women's Health and Cancer Rights Act, inayoitwa kwa kifupi WHCRA. Mpango wa bima unaolipia kuondoa titi unalazimika kulipia pia kuliunda upya katika hatua zote, upasuaji wa titi la pili ili yalingane, matiti ya bandia ya kuvaa, na matibabu ya madhara ya kimwili ya kila hatua, ukiwemo uvimbe wa mkono unaofuata kuondolewa tezi. Jina la sheria lina neno saratani ("Cancer"), lakini haidai uwe umeugua saratani. Anayeondolewa titi kwa kujikinga anahusika vilevile. Na kama ulibadilisha kazi, bima mpya haiwezi kusema kwamba upasuaji wa kwanza ulilipiwa na mwingine, maadamu nayo inalipia kuondoa titi.

Kipandikizi cha aina hii kikipasuka au kovu likakibana miaka 12 baadaye, hilo ni dhara la hatua mojawapo. Kukitoa kumo, na kuweka kingine kumo. Ukikataliwa hapa, sheria hiyo itajwe kwa jina na mwaka katika sentensi ya kwanza ya rufaa. Mipango michache iko nje yake: baadhi ya mipango ya makanisa, na mipango ya majimbo, miji au wilaya za shule inayojilipia yenyewe na iliyochagua kujitoa.

Kama viliwekwa kwa urembo, WHCRA haikuhusu, na kinachotawala ni mkataba wako pamoja na sera ya kitabibu ya kampuni. Medicare hailipii urembo, ila mwongozo wake unaruhusu kulipia matibabu ya madhara yaliyojitokeza baada ya mgonjwa kutoka hospitali, hata kama upasuaji wa mwanzo haukuwa wa kulipiwa.

Nyaraka mbili za kusoma kabla ya kumwona daktari

Ya kwanza ni kitabu kamili cha mpango wako. Ule muhtasari wa kurasa chache unaotumwa kila mwaka hautoshi. Kiombe kwa ofisi ya rasilimali watu au kwenye tovuti ya bima, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Unatafuta sentensi moja: je, mkataba unakataa upasuaji wa urembo tu, au unakataa pia *madhara* ya upasuaji wa urembo? Tofauti hiyo ndogo huamua kila kitu kinachofuata. Mkataba ukikataa madhara kwa maneno ya wazi, MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) nzuri kuliko zote haitakufikisha mbali, na utapigania tafsiri ya mkataba badala ya ulazima wa matibabu.

Ya pili ni sera ya kitabibu ya kampuni kuhusu kuondoa vipandikizi. Kampuni kubwa nyingi huziweka wazi mtandaoni. Ichapishe. Vigezo vyake vina namba au herufi, na namba hizo ndizo zitakazoonekana kwenye barua ya daktari wako.

Ukiwa kwenye simu na rasilimali watu, uliza jambo moja zaidi: madai yanalipwa kwa fedha za mwajiri au za kampuni ya bima? Kadi inaweza kuwa na nembo ya kampuni kubwa ya bima wakati anayelipa ni mwajiri, na kampuni hiyo inaendesha tu makaratasi. Jibu ndilo litakaloamua baadaye kama utalalamika kwa idara ya bima ya jimbo au kwa Wizara ya Kazi ya shirikisho.

Vinavyolipiwa kwa kawaida, na visivyolipiwa

Sera hutofautiana, lakini ukizisoma kadhaa utaona zinafanana mifupa. Kwa vipandikizi vya urembo, sababu zinazokubalika mara nyingi ni kupasuka kwa kipandikizi cha silikoni kulikothibitishwa kwa picha, kovu lililokibana hadi daraja la IV la Baker (kipimo cha ugumu wa titi cha I hadi IV, kinaelezwa hapa chini), maambukizi yasiyosikia dawa, kipandikizi kinachotokeza nje ya ngozi, limfoma ya BIA-ALCL (saratani ya seli za kinga inayotokea kuzunguka kipandikizi), na saratani ya titi ambayo kipandikizi kinazuia kuichunguza au kuitibu.

Zinazokataliwa mara nyingi ni kipandikizi cha maji ya chumvi kilichonywea (maji hayo hufyonzwa na mwili, na kampuni husema hakuna dhara), kusogea au kujikunja, Baker III, hofu ya saratani bila dalili, na uchovu au maumivu ya viungo yanayohusishwa na silikoni. Hata pale kutoa kunapolipiwa, kuweka vipya au kuinua matiti yaliyolegea baada ya kutolewa huwa ni juu yako.

Ushahidi, tatizo kwa tatizo

*Kupasuka kwa silikoni.* Kipandikizi cha silikoni kinaweza kupasuka bila titi kubadilika umbo, kwa kuwa kifuko cha kovu kinachokizunguka hushikilia jeli mahali pake. Mamogramu haioni vizuri mpasuko uliobaki ndani ya kifuko. Ultrasaundi huona zaidi, na MRI bila dawa ya kung'arisha ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Kwenye MRI, ganda lililoporomoka huelea ndani ya jeli kama tambi kwenye mchuzi, na wataalamu wa picha wenyewe huiita alama ya tambi. Silikoni iliyotoka nje ya kifuko huonekana kwenye ultrasaundi kama theluji inayopeperushwa na upepo.

Ripoti unayoitaka inataja upande, inasema kama mpasuko uko ndani au nje ya kifuko, na inataja alama iliyoonekana. Ripoti inayosema "huenda umepasuka" huhesabiwa kama hakuna kitu. Usiitume hivyo. Mwombe daktari ampigie aliyeisoma aiongezee maelezo, au kama ilikuwa ultrasaundi, iagizwe MRI.

Angalia pia jinsi MRI yenyewe inavyoagizwa. FDA, mamlaka ya shirikisho ya dawa na vifaa tiba, hupendekeza mwenye silikoni apigwe ultrasaundi au MRI ya kwanza mwaka wa 5 au wa 6, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hana dalili. Pendekezo hilo haliilazimishi bima kulipa. Kama una maumivu, uvimbe au umbo limebadilika, daktari aandike dalili hiyo kwenye agizo. Agizo la uchunguzi wa kawaida na agizo la kuchunguza dalili hulipwa kwa kanuni tofauti, ingawa mashine ni ile ile.

*Kovu lililobana.* Kila kipandikizi huzungukwa na kifuko cha kovu. Tatizo ni pale kinapokaza. Daraja la I ni titi laini la kawaida. La II ni gumu kidogo ukishika, lakini kwa macho halina kitu. La III ni gumu na umbo limeharibika. La IV ni gumu, umbo limeharibika, na linauma. Kinachotenganisha III na IV ni maumivu, na hapo ndipo faili nyingi huanguka: daktari ameandika "Baker III–IV" kwa haraka ya kliniki. Mkaguzi huchukua namba ya chini. Daraja liandikwe moja, kwa kila titi peke yake, na daktari wa upasuaji aliyelipima kwa mkono.

Maumivu nayo yaandikwe kwa vipimo: tangu lini, kiwango gani kati ya 10, dawa gani zilijaribiwa na kwa muda gani, shughuli gani imeshindikana. "Hawezi kulalia upande wa kushoto, hawezi kufunga mkanda wa gari bila kuweka taulo" ina uzito kuliko "maumivu makali". Ongeza picha tano za kliniki, zenye tarehe, bila uso: mbele, mshazari wa kila upande, na ubavu wa kila upande.

*Maambukizi.* Weka joto la mwili, majibu ya kuotesha vijidudu, majina ya antibiotiki na idadi ya siku. Ikiwa usaha unatoka au kipandikizi kimetokeza, hiyo ni dharura. Nenda hospitali, vibali vitafuata.

*Uvimbe wa maji unaokuja umechelewa.* Titi likivimba ghafla zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, maji hayo yavutwe kwa sindano kabla ya upasuaji wowote na yapelekwe maabara yakapimwe seli pamoja na CD30, alama iliyo kwenye seli za limfoma hiyo. Yakimwagwa, ushahidi umemwagwa. Hiki ndicho kipimo cha BIA-ALCL, limfoma ambayo FDA iliieleza kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011 na ambayo hufungamana hasa na vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza. Ikithibitika, kipandikizi na kifuko chote hutolewa, na bima haina pengo kubwa la kujitetea.

*Vilivyorudishwa kiwandani.* Tarehe 24 Julai 2019 Allergan iliviondoa sokoni vipandikizi vyake vya BIOCELL kwa ombi la FDA. Wengi hudhani barua ya tangazo hilo inatosha. Haitoshi, kwa sababu FDA hiyo hiyo ilisema haipendekezi kuvitoa kwa asiye na dalili, na sentensi hiyo hunukuliwa kwenye barua za kukataa. Itumie kama nyongeza juu ya uvimbe, maumivu au Baker IV.

*Uchovu, ukungu wa akili, viungo kuuma, nywele kukatika.* Wanawake huuita ugonjwa wa vipandikizi. Dalili hizi zinatajwa kwenye onyo ambalo FDA iliagiza liwekwe mwaka 2021, lakini ugonjwa huu hauna msimbo wake wa utambuzi, na kampuni nyingi hukataa ombi linalosimama juu yake peke yake. Njia ya busara ni kupimwa kikamilifu kwa mambo ya kushikika. Mwenye dalili hizi anaweza pia kuwa na mpasuko wa kimya au kovu la daraja la IV, na hilo ndilo litangulizwe kwenye ombi, dalili nyingine zifuate. Kama hakuna lililoonekana, usimwombe daktari apandishe daraja. Mwingine akipima na kukuta II, umepoteza ombi na uaminifu wa daktari wako, na kudanganya bima ni kosa la jinai.

Kadi ya kipandikizi na rekodi za zamani

Baada ya upasuaji hupewa kadi yenye jina la kampuni, aina, ukubwa, namba ya toleo na namba ya kipandikizi. Imepotea? Iombe ripoti ya upasuaji hospitalini. Mara nyingi vibandiko vya vipandikizi hubandikwa humo. Kwa HIPAA, sheria ya shirikisho ya rekodi za afya, hospitali ya Marekani ina siku 30 kukupa rekodi zako. Daktari akistaafu, uliza nani amekabidhiwa mafaili. Kwa waliopasuliwa nje ya nchi, ombeni ripoti ya upasuaji na picha ya kadi kwa barua pepe, kisha zitafsiriwe kama si za Kiingereza. Bila rekodi hata moja, MRI itaonyesha walau kama ni silikoni au maji ya chumvi.

Daktari na misimbo

Madaktari wengi wa upasuaji wa urembo hawapokei bima. Watakuambia ulipe kwanza, kisha udai mwenyewe. Ukilipa bila kibali cha awali, ujue kurudishiwa ni kwa bahati. Tafuta kwanza kwenye mtandao wa bima yako, yaani madaktari na hospitali zenye mkataba nayo, hasa kwenye hospitali za vyuo vikuu na kwa wapasuaji wa saratani ya matiti. Wao huondoa vipandikizi pia na wamezoea makaratasi ya bima. Kama ndani ya umbali wa kawaida hakuna wa mtandao anayeifanya kazi hiyo, omba kwa maandishi ruhusa ya kumtumia wa nje kwa bei ya ndani, ukiorodhesha ofisi ulizopigia, tarehe, na jibu la kila moja.

Misimbo ya kazi, yaani namba zinazotaja upasuaji kwenye ombi na bili, unayopaswa kuitambua ikipita mbele yako:

- 19328: kutoa kipandikizi kisichopasuka
- 19330: kutoa kilichopasuka pamoja na jeli yake
- 19370: kurekebisha kifuko au kutoa sehemu yake
- 19371: kutoa kifuko chote, pamoja na vilivyomo ndani
- 19316: kuinua titi (huhesabiwa urembo)

Kwa kuwa 19371 imeshajumuisha kutoa kipandikizi, kuiweka na 19328 au 19330 kwenye titi moja ni kosa linalorudisha ombi. Kwenye titi la pili ni sawa. Kila mstari uoneshe kushoto au kulia.

Misimbo ya utambuzi, inayotaja tatizo lenyewe, ni ya familia ya T85.4: T85.41XA kuharibika, T85.42XA kusogea, T85.43XA kuvuja, T85.44XA kovu lililobana. Maambukizi ni T85.79XA. Aliyewahi kuwa na saratani ya titi asisahau Z85.3, maana ndiyo inayomkumbusha mkaguzi kuhusu sheria ya 1998. Na kuna mmoja wa kuuogopa: Z41.1, ziara ya upasuaji wa urembo. Kliniki huuingiza pale mgonjwa anapoongeza kuinua matiti, na ukikaa kwenye ombi lile lile unaweza kulivuta lote chini. Kuinua matiti kuwe na makadirio yake, bili yake, na dakika zake za chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi zilizotengwa kwa maandishi.

Neno lingine la kuchunga ni kutoa "kwa pamoja", yaani kipandikizi ndani ya kifuko bila kukifungua. Mitandaoni limekuwa kama sharti. Kiupasuaji ni utaratibu wa saratani, hauna msimbo wake, na pale kifuko kilipogandamana na mbavu, kukilazimisha kutoka chote kunaweza kutoboa utando wa pafu. Mpasuaji akikuambia atabakiza kipande, muulize sababu kabla ya kumkimbia.

Barua ya daktari

Hii ndiyo karatasi inayosomwa kuliko zote. Barua dhaifu husema hivi:

"Mgonjwa analalamika maumivu ya matiti na uchovu wa muda mrefu. Anataka vipandikizi viondolewe kwa ajili ya afya yake. Ninathibitisha kuwa ni lazima kitabibu."

Neno "anataka" limeshaigeuza kuwa urembo. Hakuna upande, kipimo wala tarehe. Hii hapa ya mfano inayofanya kazi:

"Mwanamke wa miaka 44, ana vipandikizi vya silikoni chini ya msuli tangu 2009, nakala ya kadi imeambatishwa. Titi la kushoto: gumu, limepanda juu, linauma likiguswa, Baker IV. La kulia: Baker II. MRI ya 3 Machi: mpasuko ndani ya kifuko upande wa kushoto, alama ya tambi ipo. Maumivu 7 kati ya 10 kwa miezi 9; ibuprofeni na naproksini hazikutosha. Ninaomba 19371 kushoto kwa T85.41XA na T85.44XA. Vigezo vyenu A na C vimetimia. Ripoti na picha tano zimeambatishwa. Kwa titi la kulia ninaomba 19328, kwa sababu zifuatazo…"

Titi la pili lisilo na tatizo ni ugomvi wa kudumu. Sera nyingine huruhusu vyote viwili kutoka pamoja, nyingine hulipia upande mbovu tu. Ndiyo maana linaombwa kwa mstari wake: likikataliwa, la kwanza lisiangukie nalo. Likikataliwa kweli, omba bei ya tofauti tu, kwa kuwa chumba na usingizi tayari vimelipiwa kwa upande mwingine.

Kutuma na kufuatilia

Ofisi ya daktari ndiyo hutuma. Wewe omba nakala ya kila kilichotumwa, uhesabu kurasa. Picha zilizotumwa kwa faksi hufika nyeusi tupu, na mkaguzi huandika "picha hazionyeshi". Zitumwe kwa tovuti ya watoa huduma. Piga simu baada ya siku 2 au 3 kuhakikisha zimefika, uchukue namba ya kumbukumbu na jina la uliyezungumza naye.

Kwa mipango ya kazini, ombi la kabla ya huduma hujibiwa ndani ya siku 15, na kampuni inaweza kuongeza nyingine 15 kwa sababu maalumu. La dharura ni saa 72. Kama Kiingereza cha bima kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Kampuni nyingi zinapaswa kumtoa bila malipo. Usimwekee mtoto wako kazi hiyo.

Kibali kikija, kisome kama hati ya kiwanja: misimbo yote ipo? Pande zote? Jina la hospitali ni lile lile? Kinaisha lini? Upasuaji ukiahirishwa hadi kibali kimekwisha muda, mnaanza upya. Na kibali hakitakusaidia ikiwa umeacha kazi na bima imekatika kabla ya siku ya upasuaji.

Ukikataliwa

Usijibu kwa hasira siku hiyo hiyo. Barua ya kukataa lazima itaje sababu, nayo huwa moja kati ya nne.

Karatasi kupungua: zitume, wala usihesabu kama rufaa. Msimbo kukosewa: ofisi ya daktari isahihishe na kutuma upya. "Si lazima kitabibu": mpasuaji aombe haraka kuzungumza kwa simu na daktari wa kampuni, kwa kuwa nafasi hiyo hufungwa ndani ya siku chache. Awe na MRI na sera mbele yake. Dakika 10 za simu hiyo huokoa miezi.

Ya nne ndiyo ngumu: "mkataba haulipii". Hapa barua za madaktari hazisaidii peke yake. Linganisha maneno halisi ya mkataba na yaliyonukuliwa kwenye barua. Kama mkataba unakataa urembo lakini haujataja madhara yake, sema hivyo: kuondoa kipandikizi kilichopasuka ni matibabu ya hali mpya, hakuboreshi sura, na pengine kunaiharibu. Kama sera ya kampuni yenyewe inasema mpasuko wa silikoni hulipiwa bila kujali kwa nini kiliwekwa, iambatishe. Lakini ujue mkataba ukigongana na sera, mkataba ndio hushinda.

Rufaa ya ndani ina siku 180 tangu kupokea barua. Kabla ya kuandika, omba faili lako lote la ombi. Una haki nalo bila malipo, nalo huonyesha mkaguzi aliandika nini na alitumia toleo gani la sera. Si ajabu kukuta sera iliyotumika ni ya kuweka vipandikizi badala ya kutoa. Anayesikiliza rufaa hawezi kuwa aliyekataa mwanzo wala mtu aliye chini yake, na suala la kitabibu lazima lishauriwe na mtaalamu mwenye ujuzi unaohusika. Uliza kwa maandishi fani yake. Kwa huduma ambayo haijafanyika, jibu kwa kawaida linatakiwa ndani ya siku 30.

Ikishindikana, kuna mapitio ya nje ya mtu asiye wa kampuni: omba ndani ya miezi 4, uamuzi hutoka ndani ya siku 45, au saa 72 kwa dharura, na kampuni inafungwa nao. Mapitio haya ni ya masuala ya uamuzi wa kitabibu. Ubishi mtupu wa maneno ya mkataba unaweza kukataliwa mlangoni, na huo upeleke kwa idara ya bima ya jimbo au, kama mwajiri ndiye mlipaji, kwa Wizara ya Kazi.

Jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kwenye mipango ya kazini, shauri likifika mahakamani, jaji kwa kawaida hutazama faili lililokuwepo wakati wa rufaa. Kwa hiyo picha, makala ya kitabibu, shajara ya maumivu na barua ya mwajiri kuhusu siku ulizokosa kazini viingie humo kabla rufaa ya mwisho haijaamuliwa.

Siku ya upasuaji, na bili baada yake

Kabla ya kulazwa, mkubaliane mambo matatu na mpasuaji: vifuko vipelekwe patholojia (maabara ya kuchunguza tishu), vipandikizi vipigwe picha vikiwa mezani, na wewe uviombe. Kampuni nyingi za vipandikizi hutoa dhamana ya mpasuko, ambayo huweza kuchangia gharama ambazo bima haikulipia, lakini hutaka kipandikizi chenyewe kirudishwe na mara nyingi usaini hati ya kuachia madai. Isome hati hiyo kabla ya kusaini, na picha ubaki nazo.

Ripoti ya upasuaji ilingane na kibali. Kibali kikisema 19371 na ripoti ikasema nusu ya kifuko imebaki, dai litashushwa au litarudi. Kama ndani kulikuwa na jambo jipya, kwa mfano kilichodhaniwa kizima kimekutwa kimepasuka, ofisi iitaarifu bima mapema, pamoja na zile picha za mezani.

Bili huja vipande vipande: mpasuaji, hospitali, mtaalamu wa usingizi, patholojia. Usilipe hata moja kabla bima haijatuma maelezo ya malipo, kisha linganisha mstari kwa mstari. Tangu 1 Januari 2022, sheria ya shirikisho inakataza mtaalamu wa usingizi au wa patholojia aliye nje ya mtandao kukutoza ziada ya mgao wa ndani ya mtandao, ikiwa hospitali yenyewe iko ndani na huduma inalipiwa na bima. Karatasi ya kukutaka uachie haki hiyo hairuhusiwi kwa huduma hizo mbili, hata ikiletwa kitandani ukiwa umeshavaa gauni la hospitali.